Kupanda Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani: mwongozo wa matembezi ya asubuhi moja

Wageni wengi wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu katika pwani ya kusini ya Tanzania, huanza ziara yao kwenye Gereza, ngome kongwe ya ufukweni, kwa sababu ndilo jengo linalowapokea pale wanaposhuka chomboni. Kutoka hapo huenda Msikiti Mkuu, kisha Makutani, gofu lenye kuta kubwa, na mwisho kabisa, jua likiwa utosini na chupa ya maji ikiwa imebaki nusu, huongozwa mashariki kwenda Husuni Kubwa, gofu la kasri la kale lililo juu ya kilima. Hufika wakiwa wamechoka, hupiga picha mbili tatu za birika la kuogea, kisha huuliza chombo kinaondoka saa ngapi. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio wa kinyume: anza na Husuni asubuhi na mapema, na magofu ya mjini yaache hadi mchana. Sababu ni rahisi. Husuni haina paa hata moja la kukukinga na jua, ilhali Msikiti Mkuu bado una makuba na matao yanayotoa kivuli. Anayefuata mpangilio wa kawaida hutembea juani wakati anapohitaji kivuli zaidi, na hukaa kivulini wakati wa ubaridi wa asubuhi.

Matembezi yenyewe si marefu. Kutoka kijijini hadi kwenye gofu ni kama nusu saa kwa mwendo wa polepole, na kilima chenyewe ni mwinuko wa mwamba wa matumbawe unaoelekea baharini, wala si mlima wa kutisha. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida, na hata mtoto wa shule ya msingi, anaweza kuupanda. Linalohitaji akili ni bahari, kwa hiyo tuanze na bahari.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa kutazama mwezi

Kabla ya kukata tiketi ya basi, tazama kalenda ya mwezi. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani zile zinazoandamana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana alfajiri na tena jioni, na hupwa sana katikati, kwa kawaida kati ya saa nne na saa tano asubuhi hivi. Siku za maji mafu, wakati mwezi ni nusu, hali hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, na kupwa kwake si kwa kupindukia. Kila siku inayopita, nyakati hizi husogea mbele kwa takribani dakika hamsini.

Ukiyajua hayo, utaweza kupanga. Anayetaka chombo kimfuate chini ya Husuni, penye mikoko, ili asirudi mjini kwa miguu, achague siku za maji mafu, kwa kuwa saa tatu au saa nne asubuhi maji yatakuwa yamefika juu kiasi cha kuruhusu chombo kidogo kusogea. Anayesafiri siku za bamvua asilazimishe jambo hilo. Avuke mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja, kabla maji hayajakauka, atembee kwenda na kurudi, kisha asubiri maji yajae alasiri. Katika safari yangu ya kwanza sikuuliza lolote kuhusu maji. Nilirudi ufukweni saa nne na nusu, bamvua ikiwa imekupwa, nikakuta chombo kimelala ubavu juu ya tope, na nahodha amelala kivulini mwa tanga lake bila wasiwasi wowote. Nilisubiri naye, na madafu mawili niliyoyanunua kijijini yalinifaa kuliko malalamiko yangu.

Bahari ya hapa ina hadithi yake pia. Tarikh ya Kilwa, kitabu cha kale cha historia ya mji huu, inasimulia kwamba Ali bin al-Hassan, aliyetoka Shiraz, alikinunua kisiwa hiki kwa nguo za kutosha kukizunguka chote, na kwamba wakati huo mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara maji yakipwa. Baada ya kuuza, mwenyeji alirudi na watu wake kuja kukitwaa tena, akakuta mlango wa bahari umechimbwa na hauvukiki. Iwe ni historia au ngano, inaonyesha kwamba watu wa Kilwa walihesabu maji kabla ya kuhesabu mali.

Kuhusu majira, mwezi wa sita hadi wa kumi ndio wakati mzuri zaidi. Kusi huvuma, hewa hupoa na njia huwa kavu, ingawa mkondo kati ya bara na kisiwa unaweza kuwa na mawimbi wakati wa mchana upepo unapokolea. Mwezi wa tatu na wa nne ni wa mvua kubwa, nyasi hupanda hadi kiunoni, na mawe yenye ukungu huteleza. Isitoshe, barabara ya kusini yenyewe imewahi kukatwa na maji katika eneo la Somanga, kama ilivyotokea Mei 2024, kwa hiyo anayesafiri wakati wa masika aulize hali ya barabara kabla ya kuondoka.

Hatua ya pili: fika Kilwa Masoko jioni ya kuamkia safari

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, ni takribani kilomita 300 kwa lami. Mabasi ya kusini hupitia Mbagala, huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na hufika Nangurukuru, ambako barabara ya Masoko huachana na ile ya Lindi. Ikiwa basi lako linaendelea Lindi au Mtwara, utashuka Nangurukuru na kutafuta gari dogo au bodaboda. Lala Masoko. Anayejaribu kutoka Dar es Salaam alfajiri, kutembelea kisiwa na kurudi siku hiyo hiyo atafika kisiwani saa ile ile ninayomshauri aikimbie.

Kibali cha kuingia kwenye magofu hupatikana Masoko kabla ya kuvuka, na si kisiwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa sasa yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Raia hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni kutoka nje, kwa hiyo chukua kitambulisho chako cha taifa. Malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, basi hakikisha simu ina salio na chaji. Fanya hivyo jioni, siku moja kabla, kwa sababu ukisubiri ofisi ifunguliwe asubuhi utakuwa umeupoteza ubaridi wote. Hapo hapo omba mwongoza wageni. Usimchukulie kama gharama ya ziada: magofu hayana maelezo ya kutosha ukutani, njia zimejaa vijia vya mashambani vinavyofanana, na mzaliwa wa kisiwa anajua ni ukuta upi haufai kuegemewa.

Hatua ya tatu: andaa mzigo mwepesi

Chukua maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu, kwa kuwa karibu na Husuni hakuna duka. Vaa viatu vya kufunga vyenye soli ngumu. Jiwe la matumbawe hukata kandambili na kisha hukata mguu. Suruali ndefu au kikoi kirefu kitakukinga na miiba na upupu, na kofia pana ni muhimu kuliko mafuta ya jua, ingawa vyote viwili vikiwepo ni heri. Wanawake wabebe kanga moja ya ziada, kwa sababu kisiwa ni cha Waislamu na njia inapita katikati ya nyumba za watu. Chapati na vitumbua kutoka sokoni Masoko vinatosha kwa kifungua kinywa cha kilimani.

Hatua ya nne: kuvuka

Bandari ya Masoko na kisiwa vinatazamana, na mkondo unaovitenganisha una upana wa kama kilomita mbili. Boti ya mashine huvuka kwa muda mfupi, ilhali dau la tanga hutegemea upepo, na asubuhi na mapema upepo mara nyingi huwa haujaamka. Patana na nahodha mambo matatu kabla hujapanda: bei ya kwenda na kurudi, saa ya kurudi, na mahali atakapokungojea. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Mwambie wazi kama unamtaka akuzungukie chini ya Husuni, umwachie yeye kauli ya mwisho, kwa sababu ndiye anayejua chombo chake kinahitaji maji kiasi gani. Dai jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, hata kama safari inaonekana fupi.

Hatua ya tano: kutoka ufukweni hadi kilimani

Ukishuka utaliona Gereza mbele yako. Lipite tu, utalirudia baadaye. Watolee shikamoo wazee waliokaa barazani, kwa maana njia unayoipita ni uwanja wao, kisha mfuate mwongozaji kuelekea mashariki. Njia hupita kwenye nyumba, halafu minazi na mashamba madogo, halafu vichaka na mibuyu. Bahari huwa upande wako wa kushoto, wakati mwingine ikionekana na wakati mwingine ikifichwa na mikoko. Sehemu hii haina cha kuelezwa sana. Tembea taratibu, kunywa maji kabla ya kiu, na epuka kuingiza mkono kwenye matundu ya mawe, kwa sababu ng'e nao wanapenda kivuli.

Mwinuko huanza pole pole, hivyo kwamba utaanza kuuhisi kwenye pumzi kabla ya kuuona kwa macho. Kisha vichaka hufunguka, na ukuta wa kwanza hujitokeza.

Hatua ya sita: lisome jengo, usilipite

Hapa ndipo ninapoomba ukae saa nzima, na zaidi ukiweza. Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na inahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye maandishi yenye jina lake yalipatikana humu wakati mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba katika miaka ya 1960. Jina husuni linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini usitafute mizinga. Jengo hili lilikuwa kasri na, kwa sehemu yake nyingine, mahali pa biashara, likiwa na vyumba zaidi ya 100. Halikukaliwa kwa muda mrefu, na baadhi ya sehemu zake hazikukamilika.

Ukitokea nchi kavu, anza na ua mkubwa wa kusini. Simama katikati yake na tazama vyumba vyembamba vilivyouzunguka. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba hapa ndipo bidhaa zilipohifadhiwa na kuhesabiwa, na si vigumu kuwaelewa, maana utajiri wa Kilwa ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo, kutoka nyanda za Zimbabwe, pamoja na pembe za ndovu, na kubadilishwa kwa nguo, shanga na vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyu huyu iliokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe katika nchi ya Zimbabwe, mbali kabisa na bahari.

Sasa ingia chumba kimoja na ukipime kwa hatua. Utagundua kwamba ni kirefu lakini chembamba. Wajenzi wa pwani waliezeka dari zao kwa boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiendi mbali: ikizidi kama mita tatu hivi huanza kupinda kwa uzito wa chokaa na mawe yaliyo juu yake. Upana wa chumba cha Mswahili, tangu Lamu hadi Kilwa, ulipimwa msituni na aliyekata mkoko. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini makuba na matao ya mawe yaliyotumika katika baadhi ya sehemu za Kilwa yalikuwa jambo kubwa: yalimruhusu mjenzi aachane na urefu wa mti.

Tazama pia namna mbili za mawe. Kuta nene zimejengwa kwa mawe magumu ya matumbawe ya nchi kavu, yaliyoshikizwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Vizingiti vya milango, mihrabu na mapambo vimechongwa kwa tumbawe laini, lililotolewa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Pitisha macho tu, usipitishe vidole. Katika kuta tafuta zidaka, vile vijumba vidogo vya kuwekea taa na vitu vya thamani, na ujaribu kuupiga picha moyoni ule mwanga wa jioni ukitokea ndani yake.

Endelea kaskazini, kuelekea baharini. Utakutana na ua ulioshuka chini ya usawa wa sakafu, wenye ngazi pana kama viti, na karibu yake birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo ndilo watu wengi huja kulipiga picha. Birika hilo lilikuwa la kujazwa maji kwa mikono. Mtu anayelisifu kwa uzuri wake asiwasahau waliobeba maji hayo kupanda kilima ulichokipanda wewe na chupa yako moja.

Kaa kwenye ngazi za ua huo, fungua chapati zako, na hapa ndipo pa kumkumbuka Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko. Alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta sultani huyu akiitwa Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa vipawa. Anasimulia kwamba siku moja fukara kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa wakati akitoka msikitini. Sultani aliingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe alizichukua tena kutoka kwa yule fukara na kumpa watumwa kumi badala yake, na sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Nduguye Daud, aliyerithi kiti, alikuwa na tabia nyingine: mwombaji alipokuja, alijibiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Simulizi hiyo husifiwa kwa ajili ya ukarimu wake, lakini watu ishirini waliotolewa zawadi nao ni sehemu ya kilima hiki, na sidhani kuwa inafaa kuipita kimya.

Jihadhari usipande juu ya kuta kwa ajili ya picha, hata kama utaona alama za viatu vya waliokutangulia. Wala usiokote kigae chochote, kiwe cha Kichina au cha chungu cha hapa kwetu: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na kigae kilichoondolewa mahali pake hakimwambii mchimbaji wa kesho lolote.

Hatua ya saba: ukingo wa bahari na Husuni Ndogo

Nenda hadi ncha ya kaskazini, ambako kasri linatazama maji. Hapa ndipo mgeni wa karne ya 14 alipopokelewa, maana ngazi zinateremka kutoka kasrini hadi ufukweni. Teremka na mwongozaji wako tu, na uangalie kila unapokanyaga, kwa kuwa mawimbi hula mguu wa mwamba huu mwaka hadi mwaka. Kisiwa kiliingizwa pamoja na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, na kutoka 2004 hadi 2014 kilikuwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ukiwa chini geuka utazame juu. Kwa maoni yangu hapa ndipo jengo linapoeleweka vizuri kuliko popote, kwa sababu lilijengwa ili lionekane na mtu aliye chomboni.

Kama una nguvu, omba upelekwe Husuni Ndogo, iliyo jirani, ng'ambo ya bonde dogo. Ni ukuta mnene wa mstatili wenye minara, na ndani yake kumebaki kichaka zaidi kuliko jengo. Dakika kumi na tano zinatosha.

Hatua ya nane: rudi mjini, ukae kivulini

Jua likianza kuuma, kama saa tano hivi, uwe tayari njiani au chomboni. Mjini anza na Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11, na ile pana ya kusini yenye makuba na matao ni upanuzi wa baadaye. Vua viatu ukiingia, ingawa hakuna atakayekulazimisha. Kaa chini ya makuba hadi joto lipungue, kisha tembelea makaburi, na Makutani pamoja na kuta zake zilizolipa jina.

Gereza liwe la mwisho, kwa kuwa liko karibu na chombo. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505 na kuiacha mwaka 1512. Mengi ya unayoyaona leo yalijengwa na Waomani karne tatu baadaye. Neno gereza lenyewe linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ukiwa mlangoni utaweza kumwona nahodha wako na kujua, kwa kutazama mstari wa maji kwenye mawe, kama una nafasi ya dafu moja zaidi au kama inakubidi ukunje suruali na kuanza kuteremka mara moja.